Panya Waliopewa Alama ya Ukoo

Jina lake sitaliandika. Mtaani kwetu Shinyanga tulimwita Mwalimu, na akiwa hayupo tulimwita Mwalimu wa Panya, naye alijua na wala hakununa. Kwetu mwanamke huitwa kwa mwanawe wa kwanza: Mama Kulwa, Mama Neema, Mama Masanja. Asiye na mtoto hubaki na jina la kazi yake. Mimi niliitwa Fundi kwa sababu ya cherehani yangu. Tulikaa ua mmoja, ukuta kwa ukuta, Mwalimu na Fundi, na mama mwenye nyumba alikuwa akikwama kila asubuhi kwenye salamu: "Mwangaluka, Mama..." halafu kimya, halafu anakohoa. Mwalimu ndiye aliyemsaidia. "Malizia tu, Mama Kulwa. Mama Panya."

Alinuka maranda ya mbao na mkojo wa panya, na harufu hiyo haikutoka hata kwa sabuni ya kipande. Kanisani benchi lake lilikuwa na nafasi kila Jumapili. Alisema ni faida, anapata pa kuweka mkoba. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye vidole vyembamba vilivyojaa makovu madogo ya meno, na alitembea haraka akitazama chini kama mtu aliyeangusha ufunguo. Ukimpa shikamoo, marahaba yake uliisikia akiwa ameshakupita. Paka wa mtaa mzima walimfahamu, maana aliwarushia kandambili kwa shabaha ambayo hukuitegemea kwa mtu msomi. Chai yake ilikuwa na sukari ya kuotea, na ukiomba kijiko cha pili alikutazama hadi ukaona aibu.

Kabla hajawa jirani yangu alikuwa amenifundisha baiolojia kidato cha tatu. Walimu wengine wakifika kwenye mada ya uzazi walituambia tukajisomee nyumbani. Yeye alimwita mvulana mkubwa kuliko wote darasani, akampa chaki, akamwambia achore mji wa mimba ubao mzima. Mvulana akaanza kucheka, na darasa likamfuata. Mwalimu akangoja tumalize.

"Ulikaa humo miezi tisa bila kulipa kodi," akamwambia. "Leo unacheka nyumba ya watu?"

Mvulana akachora. Tangu siku hiyo sijawahi kuusahau mchoro ule, na nimekuwa na sababu nyingi za kutamani niusahau.

Kilichotushangaza zaidi ni jibu lake la "sijui bado". Ulimuuliza swali gumu, akafikiri, akasema hivyo mbele ya darasa zima bila haya. Tulizoea walimu wanaojua yote. Wavulana wakaigeuza utani, ukimdai mwenzako kalamu anakujibu "sijui bado". Yeye alipowasikia aliwaambia kwamba neno la maana pale ni la pili. Mtu anayesema sijui amekaa chini, lakini anayesema sijui bado yuko njiani.

Baadaye akaenda ng'ambo kusoma, akakaa huko hadi tukadhani hatarudi. Akarudi na panya.

Chuo kimoja hapa mjini kilimpa stoo ya zamani iliyopakana na ua wetu, akaipaka chokaa, akaweka rafu na vizimba vya plastiki. Mimi nilimshonea makoti meupe ya kazi, ndiyo maana niliruhusiwa kuingia. Nilitegemea kuona madude. Nikakuta panya wadogo, weusi, safi, wenye macho kama punje za ulezi, wanakimbizana kwenye maranda. Nikamuuliza hawa wana nini cha kusafirishwa kwa ndege.

"Nyumbani kwako leo umeme upo?"

"Upo."

"Haya. Sebuleni taa inawaka, jikoni inawaka, ila chumbani mtu kaenda kuzima swichi. Nyumba haijafa. Chumba kimoja tu kina giza. Panya wangu ndivyo walivyo. Moyo unapiga, ini linafanya kazi, wanakula, wanagombana. Ndani ya mji wa mimba, hapo peke yake, jeni moja imezimwa."

"Nani kaizima?"

"Sisi watu wa maabara. Wamezaliwa hivyo."

"Ili iweje?"

"Ili nione giza linafanya nini."

Giza lilikuwa likifanya hivi: jike alishika mimba kama wenzake, akanenepa siku chache, halafu mimba ikatoka. Kila mara. Mwalimu alitaka kujua ni hatua gani hasa inayoharibika, maana alishuku kuwa zebaki ya wachimbaji wa dhahabu huigusa jeni hiyohiyo kwa wanawake wa Geita. Alishuku, hakujua. Na kati ya kushuku na kujua kulikuwa na wale panya. Wakiisha, na yeye amekwisha, kwa sababu wengine kama hao hakuna ambaye angempa tena.

Aliwalisha kwa mikono yake. Pumba alizipepeta mwenyewe, dagaa akawachagua mwenyewe, na kila gunia alilinusa kwanza asije akapata lililochanganyika na mashudu ya pamba, kwa kuwa alisema pamba nayo huharibu uzazi na ingemchafulia majibu. Na haohao aliowalisha aliwaua. Kazi yenyewe ilitaka hivyo, awafungue atazame ndani. Aliwavunja shingo kwa vidole viwili, upesi, mnyama hana hata muda wa kuogopa. Siku za kuua hakuja kwangu na maneno. Alisimama mlangoni, nikampa maji, akanywa, akarudisha kikombe, akaenda kulala na jua bado liko juu.

Jambo moja kuhusu panya wale nililipenda, na nililitumia vibaya. Majike wenye giza hawazai, kwa hiyo ukoo wao ungekatika mara moja kama si madume. Dume hana mji wa mimba. Hubeba kasoro ileile mwilini mzimamzima, halimpati lolote, anawapitishia mabinti zake. Jioni moja Mwalimu alilieleza hilo uani huku mume wangu akirekebisha baiskeli. Mume wangu si mtu mbaya. Ila ndugu zake walikuwa wameshaanza kumwambia aoe mke wa pili. Nikamwambia, "Umesikia? Kumbe mzigo hubebwa na baba, aibu hubebwa na mama." Akaendelea kukaza nati ambayo ilikuwa imeshakaza. Mwalimu akanikanya kwa macho. Baadaye akaniambia sayansi si rungu la kumpigia mume, hasa kabla haijathibitika.

Mimba zangu tatu zilikuwa zimetoka wakati huo. Nilipoolewa tulikaa kwanza kwenye machimbo upande wa Geita. Mume wangu alishuka shimoni, mimi niliosha marudio, ule mchanga unaobaki mawe yakishasagwa na kuoshwa, nikauchanganya na zebaki kwa mikono mitupu, kisha nikachoma dhahabu kwenye kikaango jikoni, kikaango kilekile nilichokaangia dagaa. Hakuna aliyetuambia neno. Moshi wa zebaki haunuki kitu. Nilipomsimulia Mwalimu hayo, aliacha kunywa chai yake, akaniuliza maswali mengi, na mwisho nikamuuliza mimi: ni ile zebaki?

"Sijui bado," akasema.

Nilimchukia kwa dakika kadhaa. Nilitaka sababu hata kama ingekuwa ya kuniua. Mama mkwe wangu alikuwa nayo yake tayari: kuna mtu kanifunga kizazi. Kila mimba ilipotoka alihesabu wanawake waliopita uani kwetu.

Sababu ya Mwalimu kutafuta sababu niliijua polepole, kwa vipande, maana hakuwa mtu wa kujieleza. Mama yake mzazi aliishi na wanawe wa kiume kwenye makazi ya wachimbaji huko Geita. Wakaza wana walikuwa waosha marudio kama mimi. Mimba zao zikawa zinatoka, mmoja baada ya mwingine, na macho ya bibi yule yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote. Wakamwambia mchawi ni yeye. Wanawe wenyewe wakamwambia. Akafukuzwa na kibegi, akaenda kujibanza kwa ndugu wa mbali, na Mwalimu alipotaka kumleta Shinyanga alikataa, akasema hataki kumpelekea mtoto wake jina hilo.

Hapo ndipo Mwalimu alipopata ule msemo wake. "Watu wakikosa sababu, hutafuta mtu." Aliusema bila uchungu, kama anayetaja kanuni. Kwake kila panya aliyemfungua alikuwa anamsogeza mama yake nyumbani hatua moja.

Msije mkadhani alikuwa jasiri wa vitabuni. Huyuhuyu aliyetufundisha mji wa mimba mchana kweupe, akisukwa nywele aliokota hadi unywele wa mwisho sakafuni, akaziweka kwenye bahasha, akaenda kuzichoma. Nilimcheka. "Mwalimu, na wewe?"

"Siamini uchawi," akasema. "Ila naamini kuwa wanaouamini wapo."

Mlinzi wa stoo alikuwa Baba Masanja, mfugaji wa Samuye aliyekuja mjini baada ya ukame kummalizia ng'ombe. Nilimpenda mzee huyu na bado nampenda. Alipopewa kazi ya kulinda panya ndugu zake walimtania hadi akahama kilabu cha pombe. Lakini mfugaji ni mfugaji. Baada ya muda akawa anaingia stoo asubuhi na kuwaamkia kwa Kisukuma, anajua yupi mkali, yupi mvivu, yupi anamnyanyasa mwenzake. Mwalimu alimwita "baba", naye alimwita Mwalimu "mayu", mama, kwa heshima, ingawa Mwalimu alikuwa mdogo wake kwa umri.

Jambo lililomkera Baba Masanja ni masikio. Mwalimu alikuwa akitoboa masikio ya panya vitundu vidogo na kuyakata vipengee pembezoni, kulia au kushoto, juu au chini, na kila mpango ulikuwa na maana: huyu ana giza, huyu hana, huyu dume anabeba. Kwa jicho la Baba Masanja ule ulikuwa uchafu. Kwao sikio la ng'ombe hukatwa alama moja, ya ukoo, na ng'ombe wote wa boma huwa nayo, ndiyo maana akipotea hadi Isaka atarudishwa. "Mayu, hawa wa kwako kila mmoja ana ukoo wake," alimwambia. "Wakiibiwa utasema nini mbele ya wazee?" Mwalimu akacheka, akasema atamweleza siku moja akipata nafasi. Hakuipata.

Habari ikaja kuwa mama yake amefariki huko Geita. Mwalimu akapanda basi asubuhi ileile. Akiwa huko, wakubwa wa chuo wakaja kukagua majengo, wakafungua stoo, wakauliza mbele ya watu: hawa wanyama ni mali ya nani? Hakuna aliyejibu. Mmoja akasema basi, visivyo na mwenyewe vitaondolewa, chumba kinahitajika.

Baba Masanja alisikia kila neno. Aliujua ukoo wa baba yake Mwalimu. Malisho ya Samuye walishachangia nao, na alama yao aliijua kama anavyojua mlango wake: ncha ya sikio la kulia inaondolewa, la kushoto linapasuliwa katikati. Akanunua wembe mpya, akauchemsha ili usiwadhuru. Akawatoa panya wote, madume beseni moja, majike beseni lingine, akawakata mmoja mmoja kwa mikono ileile iliyokata ndama maisha yake yote. Hakufa hata mmoja. Kisha akawarudisha vizimbani kwa kufuata ukubwa, kama ndama wanavyopangwa, kwa sababu mpangilio wa zamani aliuona hauna kichwa wala miguu. Wakubwa waliporudi aliwaonyesha masikio. Wakaondoka, chumba kikabaki. Mzee alishinda kesi.

Nilikuwepo Mwalimu aliporudi. Alikuwa bado na vumbi la Geita miguuni na khanga ya msiba kiunoni. Baba Masanja alimfungulia mlango kama anayemfungulia bi harusi. Mwalimu akamtoa panya mmoja, akamgeuzageuza kwenye mwanga, akamtoa wa pili, akamtoa wa tatu. Masikio ya panya ni madogo, na vile vitundu na vipengee vyake vyote vilikuwa vimeondoka na ncha au kumezwa na mpasuko. Katika kila kizimba panya walikuwa weusi sawasawa, wakubwa sawasawa, na masikio ya boma moja.

"Ni alama ya baba yako, mayu," mzee akasema. "Sasa hakuna wa kuwagusa."

Sijui mimi ningefanya nini. Pengine ningepiga kelele. Mwalimu alimrudisha panya kwa utaratibu, akafunga kizimba, akapiga goti kidogo kama binti anavyopiga mbele ya mkubwa.

"Wabeja, baba," akamshukuru. "Wamependeza."

Alilia kwangu, si pale. Alilia kwa ajili ya mama yake na kwa ajili ya panya kwa pamoja, na hakujua chozi lipi ni la nani. "Amenipa ukoo," akasema, "akaniondolea kazi ya maisha."

Kulikuwa na njia ya kuwatambua upya kwa kupima vipande vya mikia yao, lakini dawa za kupimia hukaa kwenye barafu na friji ya chuo ilikuwa imeungua kwa umeme wa kukatikakatika. Aliandika huku na huku kuomba nyingine. Akaambiwa asubiri. Ikabaki njia ya kizamani: kila jike apewe dume, asubiriwe. Atakayezaa, si yeye. Ambaye mimba itamtoka, labda ndiye. Na "labda" haitoshi, kwa hiyo apewe tena, asubiriwe tena, na panya huzeeka upesi.

"Unajua nimekuwa nani, Fundi?" akaniambia siku moja, ameshika jike kiganjani akimpapasa tumbo kwa kidole. "Nimekuwa mama mkwe wa panya. Kila asubuhi nawapita nikiwatazama matumbo."

Alicheka, nami nikacheka, halafu sote tukaacha. Nilikuwa najua anavyotazamwa yule panya.

Msiba wa Geita ulikuwa umemfuata na maneno. Mtu wa mtaani kwetu ana ndugu kule, na ndugu akasema: yule bibi aliyezikwa alikuwa mchawi wa vizazi, na binti yake ndiye yule wa kwenu. Mtaani mwanamke mmoja mwenye mimba kubwa akajifungua mtoto mfu. Baadaye mwingine mimba ikamtoka. Hayo hutokea kila mwaka, na kila mwaka tunalia na kunyamaza. Safari hii kulikuwa na stoo. Kulikuwa na panya wasiozaa, wanaolishwa na mwanamke asiyezaa, binti wa mama wa namna ile. Na kulikuwa na masikio. Watu wakasema kila panya ni mwanamke mmoja wa mtaa: anakatwa sikio, anafungwa, na mwanamke naye anafungwa. Alama si ndiyo hiyo? Inaonekana kwa macho.

Baba Masanja alizunguka nyumba kwa nyumba akisema, "Masikio nimekata mimi." Wakamwambia basi na yeye ni mwenzake. Wanawe wakaja kumchukua, wakampeleka Samuye kabla hayajamfika. Aliondoka anasema maneno hayohayo, masikio nimekata mimi.

Walikuja stoo alasiri, wazee wa mtaa na vijana wa ulinzi, na nyuma yao wanawake, baadhi yao nimewashonea sare za kwaya. Walikuja na mafuta ya taa. Jambo ambalo halinitoki ni kwamba vijana walimwamkia. Wengi aliwafundisha. "Shikamoo, Mwalimu," wakasema mmoja mmoja, na yeye akajibu kila mmoja, marahaba, marahaba, akiwa amesimama mlangoni na koti nililomshonea.

Akawaomba wiki moja. Kulikuwa na majike watano ambao mimba zao za pili zilikuwa zinakaribia siku yenyewe. Zikitoka, angekuwa amewapata. Angejua wenye giza ni hawa, angeanza tena. Aliwaeleza kama darasani, kwa sauti ya kawaida, hata ile ya swichi na chumba. Mzee mmoja akamsikiliza kwa adabu hadi mwisho, akauliza, "Kwa hiyo unakiri kuwa ni wewe uliyewafunga?"

"Ndiyo," akasema Mwalimu. Maana kwa panya ilikuwa kweli, na kusema uongo hakujua.

Basi hakuna kilichobaki. Alichoomba mwisho ni wasiwachome hai. Wakamruhusu awaue mwenyewe. Akakaa kwenye kigoda mbele ya mlango, akawatoa mmoja mmoja, vidole viwili, upesi, akawalaza kwenye gunia kwa mstari. Alifanya vizuri kama siku zote. Na watu waliotazama wakaona mwanamke anayevunja shingo bila kutetemeka, wakapata uhakika waliokuwa wameukosa. Nilikuwa nimesimama kwenye ua wetu, mama mkwe kanishika mkono kwa nguvu zote. Nilipiga kelele jina lake. Hakutazama upande wangu, na sasa najua kwa nini.

Akapanda lori kesho yake. Chumba chake mama mwenye nyumba alikimwagia chumvi, akakipangisha.

Nilimkuta Isaka mwaka uliofuata. Nilikuwa nimekwenda kuchukua majora ya kitambaa yaliyoletwa na dereva mmoja wa malori, na nilikuwa na mimba ya nne, iliyokwisha kuvuka pale ambapo zote zilikomea. Nilivaa dera pana nisionekane, lakini nilikuwa naonekana. Nilipita nyuma ya maghala ya nafaka karibu na reli, nikaona mtu mrefu anatembea haraka akitazama chini, ana ndoo mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," akasema, alishanipita. Akasimama. Akageuka.

Alikuwa amekonda hadi shingo. Harufu yake ya maranda ilikuwa imetoka. Ndani ya ndoo kulikuwa na unga uliochanganywa na sumu, na mitego ya waya.

"Nimeajiriwa kwa ujuzi wangu," akasema. "Wenye ghala walitafuta mtu anayewajua panya." Akatikisa ndoo kidogo. "Hawa wa hapa wanazaa vizuri sana, Fundi. Hakuna hata mmoja aliyezimiwa taa."

Nikasogea karibu. Nikaushika mkono wake, nikauvuta tumboni kwangu, maana kwangu mimi hakuna mkono mwingine duniani uliostahili. Akaunyakua kama ameungua. Akauficha mgongoni.

"Usifanye hivyo. Watu wanaona."

"Waone."

"Ikitoka," akasema. "Sikuombei, nasema ikitoka. Watakuuliza nani alikushika."

Tukasimama pale, mabehewa yanagongana nyuma yetu. Nikamuuliza kile nilichokuwa nimekibeba tangu Geita. Nikasema, Mwalimu, hii itakaa? Zile tatu zilitoka kwa nini? Alitazama tumbo langu muda mrefu, kwa yale macho ya asubuhi za stoo, nikaona kabisa anafikiri, anapanga, anakaribia mahali. Kisha macho yakazimika.

"Sijui," akasema.

Nikangoja neno la pili. Halikuja. Akainua ndoo yake, akaniambia niende zangu upande ule mwingine, tusionekane tunatoka pamoja.

Mimba ilitoka kabla mwezi haujaisha. Nilikuwa bado nimelala kitandani mama mkwe wangu alipoingia na shangazi wawili wa mume wangu, wakakaa chini kwenye mkeka, wakanipa pole kwa upole, wakanipa uji. Halafu wakaanza kuuliza. Nimekula kwa nani? Nani ameingia uani? Na ile safari ya Isaka, nilionana na nani?

Nikageukia ukutani. Nikawaambia sikuonana na mtu.